Kiti cha Mmarekani, Mzinga wa Babu

Wasee, wiki mbili zilizopita usingizi ulinikataa kabisa, nikajipata saa nane usiku nikicheki vidio ya mzee mmoja wa Michigan, kule Marekani, amesimama chini ya mti na hasira imempanda hadi sauti inatetemeka. Kiti chake kimeibwa. Usifikirie kiti cha sebuleni. Ni kile kiti cha chuma chenye ngazi ambacho wawindaji wa huko hufunga kwa mti, mita nne au tano juu, halafu wanakaa hapo kimya tangu alfajiri wakingoja kulungu apite. Msimu ukianza wanakiacha hapo hapo msituni, kwa sababu kukibeba kila siku ni kazi ya punda. Sasa jamaa amefika asubuhi na bunduki yake na thamosi ya kahawa, akakuta mti uko lakini kiti hakuna. Hata ule mnyororo alioufungia wameenda nao.

Nilicheka. Dakika ishirini zilizofuata alikuwa anafundisha wenzake venye wataepuka yaliyompata: weka kufuli mbili, ng'oa vipande vya chini vya ngazi uende navyo nyumbani, ficha kamera kwa mti mwingine na uiweke juu kuliko urefu wa mtu ili mwizi asiione. Halafu akasema kitu kikanifanya nikae wima. Kwa sheria ya Michigan, ukiweka kiti chako kwa msitu wa umma lazima ukiandike jina na anwani yako, ama nambari ya leseni ya udereva, na maandishi yasomeke na mtu aliyesimama chini.

Hapo nikaacha kucheka, manze. Huyo mzee alikuwa anaongelea mti wa babu yangu.

Kwanza niwaeleze kitu kimoja, ndio tusipotezane. Sisi vijana wa Kenya hatujui viti vya kuwindia kwa sababu hakuna anayewinda kwa ruhusa. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, wengi wetu hata wazazi wetu walikuwa bado watoto au hawajazaliwa. Lakini kuacha mali yako juu ya mti, mbali na nyumba, bila mlinzi, usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi? Hiyo tunaijua zaidi ya Michigan. Inaitwa mzinga. Kwetu Ukambani unaitwa mwatu, na ukiwa mingi ni myatu.

Ushago kwetu ni Kitui, upande wa kusini, ule ukavu unaoteremka kuelekea Tsavo. Babu ana mibuyu miwili ambayo hata yeye alirithi. Kwa mmoja kuna vigingi vimepigiliwa kwa shina, kimoja juu ya kingine, hadi kwa matawi. Vingine ni vya zamani mpaka mti umevimeza nusu. Huko juu kuna myatu kumi na moja, magogo yaliyotobolewa katikati na kuzibwa pande zote mbili kwa vifuniko vya mbao. Kila gogo lina alama iliyochomwa kwa chuma. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni urembo.

Sasa, miaka michache iliyopita mjomba wangu aliingia kikundi cha wafugaji nyuki, wakapewa masanduku ya kisasa. Yale yenye vijiti juu, pembeni yameinama kama hori la ng'ombe, ambayo wazungu wanayaita mzinga wa Kenya kwa sababu yalitengenezwa hapa miaka ya 1970 kwa msaada wa Wakanada. Ni kifaa kizuri, siwezi kudanganya. Hupandi mti. Unakifunga kwa waya kati ya nguzo mbili, kimo cha kiuno, unapaka waya grisi ili siafu wasipite, na nyegere akija anapata taabu kukifikia. Mama mzee anaweza kuvuna mwenyewe. Mjomba alipata sita, akazipanga chini ya mibuyu ile ile.

Desemba moja tukaamka manne hayapo. Nyuki, asali, mbao, bati la juu, hadi waya. Yale magogo kumi na moja, mita chache juu ya vichwa vyetu, hakuna lililoguswa.

Mimi mjanja wa Nairobi nikasema ni rahisi, mwizi aliogopa kupanda. Babu akaniangalia vile anavyoniangalia nikimuuliza kama mbuzi anakula mahindi. Akaniambia, “Mjukuu wangu, wezi wa hapa walizaliwa juu ya miti. Yale masanduku hayakuwa na mwenyewe.” Nikamwambia yalikuwa na mwenyewe, ni mjomba. Akasema, “Yaliandikwa nini?” Nikaenda kuangalia yale mawili yaliyobaki. Yalikuwa na stika ya mradi, rangi nzuri, nembo ya mfadhili. Jina la mtu halikuwepo.

Hiyo ndiyo ilinipeleka kusoma. Na nimesoma vitu, wasee.

Alama iliyo kwa myatu ya babu inaitwa uvano. Mswidi mmoja anaitwa Gerhard Lindblom alikaa Ukambani zaidi ya mwaka mmoja, kati ya 1910 na 1912, akaandika kitabu kinene kuhusu Akamba, na huko ndani kuna alama hizi. Ziliwekwa kwa ng'ombe, kwa mizinga, na kwa mishale. Angalia hiyo orodha vizuri. Ni vitu vitatu ambavyo lazima viondoke mbele ya macho yako. Ng'ombe anaenda malishoni, mzinga unabaki porini, mshale unaondoka na mnyama. Chungu chako cha nyumbani hakikuhitaji alama, kwa sababu umekikalia.

Mshale ndio unaeleza mambo vizuri zaidi. Mwindaji wa Kikamba au wa Kiwaata alipiga ndovu mshale wa sumu, na ndovu hakuanguka hapo. Aliondoka, akafa mbali, pengine akakutwa na watu wengine kabisa. Sasa pembe ni za nani? Unatazama mshale. Alama ya mti wa mshale inasema nani alipiga, na mjadala unaisha bila mtu kupigwa rungu. Yaani alama haikuwa kufuli. Haikumzuia mtu yeyote kuchukua chochote. Ilichofanya ni kumnyima mwizi uwezo wa kusema “sikujua”.

Na hapo ndipo nadhani mzee wa Michigan na kamera zake anakosea kidogo. Alama hufanya kazi kama kuna mtu wa kuisoma. Kwa Akamba wa wakati huo, kila mtu aliyekutana na mzinga alijua ukoo wa mwenyewe, na pengine wajomba zake pia. Asali ukiiba utaipeleka wapi? Utaila usiku mmoja na familia yako, sawa, lakini asali nyingi ilikuwa ya pombe na ya mahari, vitu ambavyo huwezi kufanya kwa siri. Ukionekana na mtungi wa pombe ya asali na watu wanajua huna mzinga hata mmoja, utaulizwa. Na mzinga wenyewe hungeuza, kwa sababu umechomwa jina la mtu.

Halafu nyuma ya alama kulikuwa na kithitu. Wakamba wanaosoma hapa tayari wameketi vizuri. Kithitu ni kitu cha kuapia, na kiapo chake kinaogopwa hadi leo. Mshukiwa alikuwa anaweza kuambiwa aape kwamba hakuiba, na akiapa uongo, kifo kinamfuata yeye na watu wa damu yake. Usiniambie kama unaamini au huamini, hiyo si hoja yangu. Hoja ni kwamba kiapo kiliwahusu ndugu zako, kwa hiyo ndugu zako wenyewe ndio wangekukamata shati kabla hujaapa. Ulinzi wa mzinga wa jirani ulikuwa ndani ya nyumba ya mwizi.

Na kabla hamjaanza kuniambia ati zamani kulikuwa paradiso, ngoja. Kulikuwa na kitu kinaitwa king'ole. Mtu akishindikana, mwizi wa kila siku au anayedaiwa kuua watu kwa uchawi, wazee waliweza kukubaliana auawe, na wanaume wakaenda pamoja kumuua ili lawama isimwangukie mmoja. Ni mambo mabaya na hata wasio na hatia walikufa. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Machakos kwa kumpiga hadi kufa mwanamke waliyesema ni mchawi. Hatimaye hawakunyongwa, adhabu ikabadilishwa, lakini kesi hiyo ilishtua hadi London.

Hata hivyo kulikuwa na sharti moja kwa king'ole ambalo limenikaa kichwani. Hawakuweza kumgusa mtu hadi jamaa yake wa karibu akubali. Baba, ndugu, mtu wa damu. Lazima aulizwe. Shikilia hiyo, nitairudia.

Nikidhani ni mambo yetu pekee, nikakuta Wapolandi. Huko Ulaya ya zamani watu hawakutundika mizinga, walichimba shimo ndani ya mti mzima wa msonobari, juu kabisa, wakaacha nyuki waingie. Mti wenyewe ulibaki porini, mara nyingi kwa msitu wa mfalme au tajiri fulani, lakini nyuki walikuwa wako. Wakafanya nini? Wakachonga alama kwa shina kwa shoka, kila familia na yake, na alama zikarithiwa. Na sheria zao za karne ya 16 zilikuwa na adhabu kwa mwizi wa nyuki ambayo nikiieleza vizuri utaacha chakula: tumbo linapasuliwa, utumbo unapigiliwa kwa mti ule ule aliouibia, na anazungushwa. Sasa wakitutazama Waafrika wanasema tulikuwa washenzi. Haya. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka ufugaji huo wa nyuki mitini wa Poland na Belarusi kwa orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, minus utumbo, nadhani.

Turudi nyumbani, kwa sababu kuna wizi mwingine ambao alama haikuweza kuuzuia.

Mpaka hapa nimeongea kama mzinga ni gogo tu. Kwa Ogiek wa msitu wa Mau si gogo, ni ramani. Ardhi yao waligawana kwa koo, na kila ukoo ulikuwa na ukanda wake unaopanda kutoka chini ya mlima hadi juu. Akili iliyoko hapo ni hii: maua hayachanui wakati mmoja. Chini yanachanua miezi fulani, juu kwa mianzi miezi mingine, kwa hiyo ukiwa na ukanda wa kupanda una asali karibu mwaka mzima, unahama tu na mizinga yako. Na ukiingia ukanda wa wenyewe bila ruhusa, kila mtu anajua wewe ni nani na unatafuta nini. Msitu mzima ulikuwa umeandikwa majina, ila si kwa karatasi.

Wakoloni walipokuja hawakuona karatasi, wakasema hakuna mwenyewe. Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya jaji Morris Carter, iliundwa 1932, na ilipotoa mapendekezo yake ikasema watu wa msituni, waliowaita Dorobo, wahamishwe wakaingizwe kwa maeneo ya makabila makubwa yanayofanana nao. Yaani ukanda wako wa asali uliorithi kwa babu wa babu yako, tume inakwambia nenda ukawe Mnandi au Mmaasai huko. Msitu ukawa wa serikali. Kuanzia hapo, mzee anayepanda mti wake mwenyewe kuvuna mzinga wake mwenyewe alikuwa mvamizi.

Upande wetu wa Kitui ilikuwa Tsavo. Mbuga ilitangazwa mwaka 1948, na katikati ya miaka ya 1950 David Sheldrick na wenzake wakaanzisha msako mkubwa wa wawindaji haramu. Waliokamatwa wengi walikuwa Wawaata na Wakamba, watu ambao baba zao waliwinda hapo kabla ya mbuga kuitwa mbuga. Ndovu walikuwa wanauawa wengi, hiyo ni kweli, na pembe zilikuwa zinaishia kwa wafanyabiashara wa pwani, si tumboni mwa watoto wa mtu. Sisemi Sheldrick alikuwa shetani. Nasema tu fikiria ule mshale wenye alama. Kwa miaka na miaka alama ilikuwa inamwambia jirani, “hii ni mali ya fulani, usichukue.” Sasa mshale ule ule ukipatikana ndani ya mzoga, alama inamwambia askari wa mbuga, “mhalifu ni fulani, mfuate nyumbani.” Ungekuwa wewe, ungeendelea kuchora jina lako?

Hicho ndicho kitu nilichokuwa nakosa. Nilidhani watu wa siku hizi waliacha alama kwa uvivu, au kwa sababu ya kanisa. Enyewe kanisa liko ndani yake. Lakini pia serikali iliyokuja na sheria mpya ilifanya kujulikana kuwe hatari.

Na sheria hiyo mpya ilimlinda nani? Nilifungua Kanuni ya Adhabu ya Kenya, naapa sikuwahi kudhani nitasema hivyo kwa maisha yangu. Mwizi wa kawaida, kifungu cha 275, anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Kuna kifungu kingine, cha 278, cha wizi wa mifugo, hicho ni hadi miaka 14. Mifugo gani? Wameorodhesha: farasi, punda, nyumbu wa kufugwa, ngamia, ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe. Na mbuni. Mbuni! Yule ndege wa kukimbia! Masetla walikuwa wanafuga mbuni kwa ajili ya manyoya ya kofia za wanawake wa Ulaya, basi mbuni akapata ulinzi wa miaka 14, na yuko hapo. Nyuki, ambao wamelisha Ukambani na Mau tangu hatujui lini, hawamo. Ukiiba mzinga wa babu yangu uko kundi moja na mtu aliyeiba ndoo.

Sasa nimalizie ile stori ya masanduku manne, kwa sababu sijawaambia sehemu mbaya.

Siku ya pili baada ya wizi, kijana mmoja wa pale kijijini alionekana sokoni akinunua viatu. Nitamwita kijana, inatosha. Hana kazi, mama yake ni mjane, na alikuwa na historia ya kuku wawili waliopotea. Hakuna aliyeuliza pesa za viatu zimetoka wapi. Saa nane mchana watu kama arobaini walikuwa wamemzunguka pale stendi ya pikipiki, na wengi, nakuambia ukweli, hawakuwa wa kwetu. Wanaboda wa kutoka mbali, wapita njia, dereva wa lori ambaye hata hakujua ni nini kimeibwa. Mtu mmoja aliuliza, “Ni mwizi wa nini?” akajibiwa, “Wa nyuki,” akacheka, na bado akaokota jiwe. Tairi lilikuwa limeshaletwa. Na mimi nilikuwa hapo na simu mkononi. Sijivunii. Nilikuwa nimeshawasha kamera.

Babu alifika nyuma ya pikipiki ya mjukuu wa jirani. Hakupiga kelele, hana sauti ya kupiga kelele tena. Alipita katikati ya watu akasimama karibu na yule kijana, akauliza kwa Kikamba, “Mama yake yuko wapi?” Watu wakanyamaza kidogo. Akauliza tena, “Kuna mtu wa nyumba yake hapa?” Hakukuwa. “Basi mnamuua kwa ruhusa ya nani?”

Wakati huo sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya mzee ya kununua muda. Ni baadaye, nikisoma ile habari ya king'ole na jamaa wa kukubali, ndio nikakaa na simu yangu kwa giza nikahisi baridi. Babu hakuwa anawahubiria huruma. Alikuwa anawaambia kwamba hata ile sheria mbaya ya zamani, ile ya kuua, wao wameshindwa kuifikia.

Mtu alitumwa kumwita mama. Hadi alipofika anakimbia bila viatu, nusu ya watu walikuwa wameshaondoka, kwa sababu tairi halichomwi mama akiangalia. Chifu akaja, kijana akapelekwa, akaachiliwa baada ya siku mbili kwa kukosa ushahidi. Jino moja hakurudi nalo.

Mwezi wa Machi mjomba alienda kununua mbuzi kwa mzee mmoja, mbali na kwetu, mwendo wa karibu saa mbili na pikipiki. Akakuta kuku analalia mayai ndani ya sanduku la mzinga, limegeuzwa juu chini, stika ya mradi bado inang'aa. Mzee wa watu hakuwa na habari. Alilinunua soko la wiki kwa shilingi 800 kutoka kwa jamaa wa lori aliyekuwa na mengine matatu. Alimuuliza ni ya nani? Hapana. Angeulizaje? Sanduku liliandikwa jina la mfadhili, na mfadhili hayuko soko la wiki kudai chake.

Kwa hivyo yule kijana alipoteza jino kwa sababu ya lori ambalo hakuwahi kuliona. Nilifuta ile vidio. Kuna rafiki zangu wa kutengeneza vidio waliniambia ningepata watazamaji wengi sana, na ni kweli ningepata.

Nimeulizwa na watu nyumbani, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, tufanye nini. Binamu yangu anataka kamera za sola. Kamera moja nzuri ni bei ya mizinga kadhaa, na kamera yenyewe ni kitu cha kuibwa juu ya mti, muulize mzee wa Michigan. Mjomba alitaka kufuli na minyororo. Sawa, weka, inachelewesha mwizi. Lakini mwizi wa lori ana mkasi wa kukata vyuma na usiku mzima. Kwa maoni yangu kilichotuangusha kilikuwa kule sokoni. Pale stendi watu arobaini walikuwa tayari kuua, lakini wiki ile ile kwa soko lile lingine hakukuwa na mtu mmoja wa kuuliza, “Hii ya nani?” Swali la maneno matatu. Kama sanduku lingekuwa limechomwa alama na nambari ya simu, ubavuni, kubwa, na kama wanunuzi wa kikundi na wauza asali wa barabarani wangekubaliana hawanunui mzinga usio na alama, jamaa wa lori angebaki na mbao. Ngumu? Ndiyo. Itachukua mikutano mingi na soda nyingi. Lakini ni rahisi kuliko kurudisha jino.

Kuhusu Ogiek sina ushauri wa mikutano na soda. Walienda hadi mahakama ya Afrika, ile ya Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 wakashinda: Kenya ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya ardhi ya babu zao. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe shilingi 157,850,000 na ardhi ipimwe wapewe hati. Novemba 2023, mwaka mmoja na nusu baadaye, watu walifurushwa tena Sasimwani upande wa Narok, nyumba zikabomolewa. Hukumu iko, alama iko, na mwenye kupaswa kuisoma anaangalia kando.

Kwetu, Agosti iliyopita, mjomba alileta masanduku mawili mapya, ya pesa yake. Babu aliwasha moto wa kuni asubuhi, akaingiza chuma. Nilimwomba nipige picha ya uvano niwaonyeshe hapa, akakataa. Akaniuliza, “Hao watu wako wa simu wananijua?” Nikasema hapana. “Basi wataifanyia nini?” Kwa hiyo samahani, hakuna picha.

Alinipa chuma nichome la pili. Mkono ulitetemeka, mstari mmoja ukaenda kombo, na babu akasema ni sawa, sasa kila mtu atajua hilo lilichomwa na mtu wa Nairobi. Chini yake tukaandika nambari ya simu ya mjomba kwa rangi nyeupe. Yule kijana alikuja jioni kutusaidia kuvuta waya. Hatukumwita, alikuja tu, akapaka grisi, akakunywa chai ya susu, akaenda.